Kadi yangu, toroli la watu wote

Shikamoo Bi Somo,

Natumaini u mzima. Mimi ni mama wa miaka 34, mzaliwa wa Morogoro, naishi Louisville, Kentucky, na mume wangu na watoto wetu wawili. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu yuko ghalani anapakia mizigo. Tumepanga fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Lifti naitaja makusudi, utaona huko mbele.

Januari mwaka jana nilichukua kadi ya uanachama kwenye duka moja la jumla, yale makubwa yasiyoingilika bila kadi. Shida yangu ilikuwa pampasi za mwanangu wa mwisho na mchele, basi. Sikumtangazia mtu. Siku moja Mama Furaha, mama wa Kikongo wa jengo la pili, akanikuta nashusha gunia la mchele kwenye gari, akauliza bei. Nikamwambia. Jumamosi iliyofuata tukaenda naye. Safari ya pili akaja na shemeji yake, maana wanakaa nyumba moja. Halafu akaingia Mama Brian, Mkenya tunayefanya naye kazi. Mwisho akaja Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa ndivyo tunavyomwita sote, hata wanaume. Nilipofika nchi hii ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Nililala kwake miezi mitatu, akanifundisha kupanda basi, akanishika mkono kunipeleka kuomba kazi. Hakunidai hata senti moja.

Sasa tunakwenda kila baada ya wiki mbili, watu watano kwenye gari langu, matoroli mawili. Pale kaunta anayeruhusiwa kulipa ni mimi mwenye kadi, kwa hiyo nalipa vyote kwa kadi yangu ya mkopo. Tukirudi tunapandisha mizigo ghorofani, tunatandika shuka sebuleni, natoa mizani ya jikoni, tunagawana mchele, maharage, vitunguu, mapaja ya kuku na mafuta. Sitasema uongo, ni raha. Chai inachemka, watu wanacheka, unasahau kidogo kwamba nje kuna theluji. Kisha kila mtu anabeba mfuko wake na kuaga: "Nitakutumia jioni."

Jioni hiyo bado sijaiona.

Juzi nilikaa nikapiga hesabu kwa kumbukumbu. Mama Furaha $95, shemeji yake $60, Mama Brian $215, Dada Mkubwa $270. Jumla $640. Benki inanitoza riba ya asilimia 24 kwa mwaka, na riba hiyo inaninyima usingizi kuliko hata zamu ya usiku. Sisemi sijapata kitu kabisa. Machi duka lilinirudishia $178, ile asilimia 2 ya manunuzi anayorudishiwa mwenye kadi ya daraja la juu, nikawanunulia watoto viatu.

Mume wangu amechoka. Anasema anatoka ghalani kazini anaingia ghalani nyumbani. Karatasi za chooni ziko chini ya kitanda cha watoto, viazi vilichipua hadi vikafanana na kichaka, mdalasini nilionao utawatosha wajukuu. Mchicha wa kile kifuko kikubwa tumeutupa mara tatu. Wiki iliyopita aliteleza ngazini na katoni ya maji, akafika chini akiwa amekaa. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo hasemi nami kuhusu duka, ananitazama tu.

Na juu ya hayo, mwezi uliopita Mama Brian aliazima kadi yangu, akaenda peke yake. Mlangoni waliipitisha kwenye mashine, ikatokea picha yangu, wakamrudisha. Amekasirika na mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Sasa anataka nimwandikishe kwenye ile kadi ya pili ya familia, niseme tunakaa nyumba moja.

Bi Somo, nirudishe kadi yaishe? Na Dada Mkubwa nitamwambiaje mimi, mtoto aliyelala kwake?

Mwenye Kadi, Louisville

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo. Na nitaanzia pale ulipopita mbio, kwenye zile $178.

Asilimia 2 ikizaa $178, maana yake kwa mwaka mzima zimepita kaunta $8,900 kwa jina lako. Hizo si pampasi na mchele wako peke yako. Sehemu kubwa ni wali wa Mama Furaha na mafuta ya Dada. Je, wenzako walijua kwamba kila wanachoweka torolini kinakurudishia kitu? Sisemi umewaibia. Ada ya kadi umelipa wewe, gari ni lako, petroli ni yako, sebule ni yako. Lakini ukisimama kudai huku umeikalia habari hiyo, siku Mama Brian atakapoigundua (na ataigundua, watu wa namna hiyo hugundua) utageuka wewe mdaiwa. Kwa hiyo siku ya kuzungumza, itaje wewe mwenyewe kwanza.

Sasa geuza ukurasa. $640 kwa riba ya asilimia 24 ni kama $13 kila mwezi. Kwa mwaka zinapita $150. Alichokupa mwenye duka, benki inakipokonya karibu chote, na viatu vya watoto vimekwisha soli. Ndiyo maana nakwambia tatizo lako halianzii kwenye kadi ya duka. Linaanzia kwenye kadi ile nyingine.

Nikueleze kitu cha kwetu. Marehemu baba alikuwa na duka Ngamiani, Tanga. Gunia la sukari lilikuja zima, likapasuliwa, likauzwa kwa kilo, nusu na robo, nyingine kwenye vifurushi vya gazeti vilivyosokotwa kama pembe. Mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kikombe. Aliyenunua robo alilipa zaidi, ukihesabu kwa kilo, kuliko aliyebeba gunia, na kila mtu alijua ni kwa nini: kupasua gunia ni kazi. Kuna gari, kuna kinachomwagika, kuna panya, kuna mtu wa kukaa na mizani. Tofauti ile ya bei ndiyo iliyotusomesha. Wewe unapasua gunia, unapima, unatoa gari, unakopesha na unapika chai, halafu unauza kwa bei ileile ya gunia. Baba yangu angekuuliza, duka la namna hii umelisikia wapi?

Na alikuwa na daftari. Mwalimu fulani, unga kilo mbili, tarehe fulani, sahihi. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe umeandika kwamba ulipiga hesabu "kwa kumbukumbu". Basi wenzako nao wana kumbukumbu zao. Inawezekana kabisa Mama Furaha anaamini anadaiwa $40, na moyoni mwake ni mkweli. Vitunguu vya kwenye shuka havina risiti.

Jina la duka hukulitaja na sitakuuliza. Yanayojulikana zaidi hapa Marekani ni matatu, Costco, Sam's Club na BJ's, na biashara yao inafanana. Nitazungumzia Costco kwa sababu ndilo ninaloingia mimi. Bidhaa zenyewe wanaziuza kwa faida ndogo sana. Wamejiwekea kikomo cha kuongeza kama asilimia 14 tu juu ya bei ya kununulia, na 15 kwa bidhaa za jina lao, Kirkland Signature. Sehemu kubwa ya faida yao inatoka kwenye ada. Tangu Septemba 2024 kadi ya kawaida ni $65 kwa mwaka na ya daraja la juu $130. Kwa maneno mengine, duka hili linakuuzia ruhusa ya kuingia, na pesa ya ruhusa hiyo wanaishika kabla hujaugusa mchele. Wewe unaomba yako baada ya wali kuliwa na sufuria kuoshwa.

Iga kwao. Pesa kwanza. Kila Ijumaa jioni, anayetaka kitu anatuma orodha pamoja na pesa yake. Asiyetuma, Jumamosi haandamani. Ukikosea bei kwa dola mbili tatu, unamrudishia palepale na risiti mkononi. Hakuna kumfuata mtu, hakuna "jioni". Najua unaona haya. Lakini kuomba $40 kabla ya safari ni neno dogo. Kuomba $270 baada ya mwaka ni kesi.

Haya, deni lililopo. Usimwage kwenye kundi la WhatsApp, utawavua watu nguo hadharani. Tafuta risiti. Maduka haya huhifadhi manunuzi yako kwenye akaunti ya mtandaoni, ingia uyatazame, na kwa kila mmoja andika unachoweza kukithibitisha na unachokisia, ukivitenganisha. Kisha mtumie kila mtu wake, peke yake. Mfano:

"Mama Furaha, habari za leo. Nimekaa na risiti zetu za duka. Kwa hesabu yangu umebakiza $95, lakini nilikuwa siandiki, kwa hiyo kama una hesabu tofauti niambie tulinganishe. Naomba tumalize kabla ya mwisho wa mwezi ujao, hata kwa mafungu. Nami nilirudishiwa $178 na duka kwa manunuzi yetu sote. Fungu lako naliondoa kwenye deni lako."

Ndiyo, lipunguze kweli. Toa kwanza $65 uliyozidisha kwa kuchukua kadi ya juu badala ya ya kawaida (nahesabu kwa ada za Costco), inabaki $113. Gawanya kwa watano, kila mmoja anapata kama $22. Deni la Mama Furaha linashuka hadi $73, la shemeji yake $38. Utapoteza kama $90 kwenye karatasi na utapata mdomo wa kudai zilizobaki bila mtu kukunyooshea kidole. Mimi naona ni bei nafuu.

Dada Mkubwa hapewi ujumbe. Dada Mkubwa anafuatwa.

Nimefikiria sana hapa, na huenda tusikubaliane. Wapo watakaokwambia miezi mitatu ya malazi ni zaidi ya $270, funika kombe. Mimi nasema kufunika ndiko kutakakoharibu. Yeye hakukukopesha malazi, alikupa. Ukianza kimyakimya kufuta deni lake kwa ajili ya malazi yale, umeyageuza kuwa kodi ya nyumba, tena umeyalipa bila yeye kujua. Na deni lililofutwa kimyakimya halifi. Utalikumbuka kila atakapoweka katoni ya juisi torolini, na uso wako utaonyesha. Wazee wanasoma nyuso.

Nenda kwake siku ya kawaida, si Jumamosi ya duka. Usiende mikono mitupu. Msalimie, muulize habari za magoti, mle. Kisha mwambie ukweli ambao hajaujua, kwamba unalipa kwa kadi ya mkopo. Naweka dau hajui. Wengi wao wanadhani mwenye kadi ana pesa. Sema: "Dada, nimekosea. Nilikuwa nawalipia wote kwa pesa ya benki, na sasa benki inanikaba. Nimeacha. Kuanzia sasa tunatoa pesa kabla. Kwa hesabu yangu kwako kuna kama $270, lakini sikuandika. Niambie wewe tufanyeje."

Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu: mtu anaomba, halafu kwa woga anajibu mwenyewe, "lakini si lazima, Dada, ukipata." Nyamaza mpaka aseme. Akisema atalipa $50 kwa mwezi, shukuru. Akisema hana, hapo unaweza kumwambia, kwa moyo mmoja na mbele ya macho yake, "Basi hili limekwisha, Dada, tusilitaje tena." Zawadi anayoijua aliyepewa ni zawadi. Ila hata hapo sheria ya Ijumaa inabaki, na kwake pia.

Kuhusu Mama Brian sina maneno mengi. Usimwandikishe. Kadi ya pili hutolewa bure kwa mtu mzima mmoja wa nyumba yako, na mwenye haki nayo ni mume wako. Uongo huo ukijulikana, uanachama unaofutwa ni wako. Na kumwazima kadi ilikuwa kosa lako, si la mlangoni. Kadi ina picha yako kwa sababu ni yako. Hata idadi yenu ina walakini. Costco humruhusu mwanachama kuingia na wageni wawili, nanyi mnaingia watano kama msafara wa harusi. Kama duka lenu nalo lina kikomo, siku mtakayozuiwa msishangae.

Lakini mwenzako usimwache njiani, kuna njia halali. Mwanachama wa Costco anaweza kununua kadi ya malipo ya duka, ile inayowekwa pesa ndani, akampa mtu asiye mwanachama, na mtu huyo akaingia kununua nayo siku anayotaka yeye. Uliza dawati la wanachama kama duka lenu nalo lina utaratibu huo. Mama Brian akupe $100 zake taslimu, umpe kadi ya $100, aende na gari lake, achague juisi zake, abebe mwenyewe. Hakuna shuka, hakuna mizani, hakuna jioni. Nakwambia urafiki wenu utapona kwa kadi hiyo kuliko kwa kikao.

Na Mama Furaha na shemeji yake, si umesema wanakaa nyumba moja? Basi wao ndio hasa waliotengenezewa ile kadi ya pili. Ada moja ya $65, kadi mbili, kila mmoja $32.50 kwa mwaka. Kwa watu wanaonunua kama wao ni nafuu kuliko kukungoja wewe ulale baada ya zamu. Wakijaribu wakaona haiwafai, Costco hurudisha ada yote kwa anayesema hakuridhika. Pengine hakuna aliyewahi kuwaambia.

Hapo utakuwa umebaki na mzigo wako na wa Dada, na Dada ndiye anayestahili kubebewa.

Sasa nyumba. Mume wako ana haki, na mtu anayekutazama tu baada ya kuanguka ngazini amejizuia kusema mengi. Duka la jumla limepangiwa watu wenye gereji, friza kubwa na gari la kusogea hadi mlango wa jikoni. Ukiwa ghorofa ya tatu, bei ya kitu haijaisha kaunta, inaendelea ngazini. Maji ya chupa yafute kabisa kwenye orodha. Ukiogopa ladha ya bomba, nunua jagi lenye chujio.

Mtego mwingine ni njia ya mle ndani. Kuku wa kuokwa wa $4.99, anayependwa na kila mtu, anawekwa nyuma kabisa, na kumfikia unapita televisheni, viatu na mablanketi. Kuku yule ni chambo. Bei yake wameishikilia miaka mingi wakati kila kitu kinapanda, kiasi kwamba mwaka 2019 walifungua kiwanda chao cha kuku huko Fremont, Nebraska. Sisemi usimnunue. Ninamnunua mimi mwenyewe, nyama napika pilau, mifupa natoa supu. Ila naingia na orodha, na macho nayaweka mbele kama farasi wa gari.

Kwa watu wanne wenye friji ya kawaida, mimi ningenunua hivi. Mchele, gunia la paundi 25 (ni kilo 11 na kitu, bibi yangu angesema ratili), uhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Maharage na dengu kavu. Maharage chemsha mengi siku ya mapumziko, gandisha kwa vifuko vya mlo mmoja mmoja. Ukitoka zamu unaunga tu. Mapaja ya kuku huuzwa kwenye vifuko vilivyoshikana. Kata usiku uleule utie friza, usiyaache kwenye friji zaidi ya siku mbili. Sabuni ya kufulia, pampasi, tui la katoni, sukari. Mayai 60 yanatisha kuyatazama, lakini kwenye friji yanakaa wiki tatu hadi tano, na nyumba yenye watoto itayamaliza.

Usinunue mchicha wa kifuko kile, umeshautupa mara tatu, unangoja ya nne? Usinunue viazi paundi 20 kama huna mahali pa baridi na giza, na kama unaviweka pamoja na vitunguu huenda ndiyo maana vilichipua. Vitenganishe. Unga wa atta wa chapati unaota harufu mapema kuliko unga mweupe, chukua mfuko mdogo. Viungo vya kusagwa kwenye makopo makubwa viache kabisa. Pilipili manga ya kusagwa ikikaa sana ni vumbi jeusi. Nenda duka la Kihindi, nunua iliki, mdalasini wa vijiti na bizari nzima, kidogo kidogo, usage mwenyewe. Unga wa sembe nao utaupata kwenye duka la Kiafrika mapema kuliko huko. Na usiamini kwamba kila kilicho kikubwa ni rahisi. Kibandiko cha rafuni kina maandishi madogo ya bei kwa aunsi au kwa kipande. Soma hayo, piga picha kwa simu, ulinganishe na duka la mtaani. Utakuta vitu kadhaa ni nafuu zaidi mtaani.

Usilipie tena manunuzi kwa mkopo. Kadi ya benki ya kutoa pesa yako mwenyewe inapokelewa, taslimu nazo zinapokelewa. Ile ya mkopo iache nyumbani hadi deni liishe, na kila dola itakayotoka kwa Mama Brian ipeleke benki siku hiyohiyo, isipitie kwenye viatu.

Kadi usiirudishe, basi. Ila muda wake ukiisha shuka daraja. Ukibaki na manunuzi yako na ya Dada, kadi ya kawaida inakutosha. Ile ya juu inakulipa tu ukipitisha kama $3,250 kwa mwaka, maana asilimia 2 ya hizo ndiyo $65 unazoongeza. Fanya hesabu yako baada ya miezi mitatu ya mfumo mpya, uamue.

Jumamosi ya kugawana usiiue. Umeniambia ile chai na vicheko ndivyo vinavyokusahaulisha theluji, na sikuyasoma maneno hayo haraka. Waite waje bila mizani. Kila mtu alete chungu chake.

Mumeo mpe ile kadi ya pili. Mtume peke yake mara moja, na orodha ya vitu sita. Akirudi na televisheni, mtakuwa mmeelewana. Na kabla hajaenda, yatoeni yale makaratasi ya chooni chini ya kitanda cha watoto, muyahesabu pamoja. Nina wasiwasi yatafika hadi sikukuu ya mwakani.